Shaba na Maji ya Chumvi



Mpwa wangu aliyeko Muscat aliniletea picha ya tangi la samaki alilolinunua, la maji ya chumvi, la lita 300. Amelitia mchanga mweupe na mawe, na kando yake, juu ya kitambaa, ameuweka mdila wa shaba wa marehemu bibi yake, yaani mama yangu mimi. Chini ya picha ameandika: "Mjomba, nataka kuuzamisha mdila wa bibi katikati ya mawe, samaki wawe wanapita ubavuni mwake. Wewe mwenye uzoefu unaonaje?" Nikampigia simu palepale bila ya kufikiri kuwa kwao ni usiku mkubwa. Maskini alidhani pana msiba. Nikamwambia, "Mdila usiutie majini, hata kwa saa moja."

Wanaokusanya maandishi ya kitabu chetu walipoipata habari ya simu hiyo walicheka sana, kisha wakanitaka niandike kurasa mbili tatu juu ya vitu vinavyofaa na visivyofaa kutiwa ndani ya tangi la maji ya chumvi. Nimekubali. Najua zipo nyumba kadhaa za jamaa zenye matangi haya, na nyengine watoto wanayataka. Lakini nimekubali pia kwa kuwa nina deni la kulisema jambo moja ambalo mpaka leo linajulikana nyumbani kwangu tu.

Mwaka 2018, baada ya kuacha kazi, nilinunua tangi la lita 200 nikaliweka ukumbini, kwetu hapa Southsea, Portsmouth. Bahari iko karibu, mtu anakwenda kwa miguu. Lakini ni bahari ya baridi na bandari ya manowari, maji yake sikuyataka. Nilinunua chumvi ya kuchanganya, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hii, gramu 35 kwa kila lita, maana yake kilo 7 kulijaza tangi lote. Nikaweka kipasha maji, joto likasimama kwenye nyuzi 25. Nikasubiri wiki nyingi kabla ya kutia kiumbe chochote, kama nilivyoshauriwa. Mwisho wakaingia samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari meupe, konokono wa kula ukungu wa vioo, kaa wadogo wale wanaohama na magome ya wenzao, anemoni mmoja, na kamba mmoja mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni.

Kamba huyu ndiye aliyekuwa mpenzi wa nyumba. Kazi yake baharini ni kuwasafisha samaki, kuwatoa vijidudu na ngozi iliyokufa. Mjukuu wangu wa kike, wakati ule ana miaka 9, aligundua kuwa ukitia mkono taratibu na ukautuliza, kamba huja akakusafisha kucha. Basi kila Jumamosi mtoto alikuwa akija kwetu, anakunja mikono ya nguo yake, anaosha mikono kwa maji matupu, anapanda kigoda na kumpa kamba vidole vyake. Mie na bibi yake tulikuwa tunakunywa chai huku tukimtazama yeye kuliko tunavyotazama samaki.

Sasa nije kwenye shaba. Mama yetu alipotoka Unguja mwaka 1964 hakuwa na la kuchukua. Katika bahasha ya nguo alitia vitu viwili vya nyumba ya baba yake: mdila wa kahawa, na msumari mmoja wa mlango, ile misumari mikubwa ya shaba yenye kichwa cha mviringo kilichochongoka. Ulikuwa umelegea ukatolewa mlangoni, ukawekwa sandukuni kungoja fundi. Fundi hakuitwa tena. Mama alipofariki dada yangu alichukua mdila, mie nikachukua msumari. Kwa miaka ulikaa katika mtoto wa meza, umefungwa kitambaa.

Idd el-Fitri ya mwaka 2019 nikautoa. Nikausugua kwa ndimu na majivu kama mama alivyokuwa akifanya, ukang'ara kama umetoka kwa mfua shaba leo. Nikasema, hiki ni kitu cha pwani, kirudi katika maji ya pwani. Nikausimamisha kwenye mchanga, mbele ya mawe, mahali ambapo mwanga unaupiga. Kila mgeni wa sikukuu niliyemwonesha alisifu.

Haikupita wiki konokono wakaanza kuanguka vioo, wamelala chali. Kaa wawili wakatoka katika magome yao na kufa uchi. Anemoni akajikunja akawa kama kifungo. Kamba aliacha kuja mbele, akawa amejibana nyuma ya jiwe, na siku ya kumi na mbili tukamkuta amekufa. Samaki wale wawili walikuwa wazima kabisa, wanakula na kucheza.

Nilipima kila nilichokuwa na kipimo chake: chumvi, joto, amonia. Vyote sawa. Nikaanza kutafuta mtu wa kumtupia lawama, na mtu alikuwa karibu. Jumamosi ya mwanzo baada ya Idd mjukuu wangu alikuwa amekuja kutoka ufukweni, amepakwa mafuta ya jua mwili mzima, na akatia mkono. Sikuuliza kama ameosha. Mbele ya wazazi wake na wageni nilisema kuwa tangi limekufa kwa sababu ya mikono ya mtoto asiyesikia. Alinitazama tu. Hakulia, na hakujitetea. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake. Mama yake aliniambia kwa adabu kuwa mtoto ana kazi za skuli. Kazi za skuli gani mwezi wa saba, kila mtu anajua.

Jawabu lilikuja nilipokuwa nikisafisha. Nilipoung'oa msumari mchangani niliona shingo yake imevaa kutu ya kijani, na punje za mchanga zilizoshikana nao zimechukua rangi ileile. Rangi hiyo ikanikumbusha mrututu. Wakubwa wenzangu wanaujua: yale mawe ya samawati yaliyokuwa katika kikopo cha dawa, yanasagwa na kutiwa kwenye donda bichi, na ukipiga kelele unaambiwa nyamaza, linaua vijidudu. Mrututu ni chumvi ya shaba. Na katika kitabu changu cha samaki nilikuwa nimeshasoma kuwa wafugaji hutumia dawa hiyohiyo, kwa kipimo kidogo sana, kuua wadudu wanaowashika samaki wa baharini, na kwamba kabla ya kuitia lazima utoe kamba, kaa, konokono na matumbawe yote, kwani dawa inayomponya samaki kwao ni sumu. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule na kuupita.

Nikanunua kipimo cha shaba, kile cha matone. Maji yakabadilika rangi. Shaba ilikuwamo katika maji ambayo haikupaswa kuonekana hata chembe.

Nikakaa kitako. Jambo lenyewe si geni, na lilinistahili aibu mara mbili, maana nimelelewa na watu wanaolijua. Sufuria za shaba za shughuli zetu zilikuwa lazima zitiwe bati ndani, na bati likichakaa sufuria haipikiwi mchuzi wa ukwaju mpaka fundi alitie tena. Mama hakujua kemia, lakini alijua kuwa ukali unaitoa shaba ndani ya chakula. Maji ya chumvi nayo yanaitoa, polepole, usiku na mchana. Shaba ya manjano nayo haifai kwa kazi hii, kwani ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na zinki nayo ni sumu kwa viumbe hawa.

Hapa Portsmouth somo hili limesimama gatini. Meli ya HMS Victory, iliyopigana Trafalgar mwaka 1805, ilivishwa mabamba ya shaba chini ya maji mwaka 1780. Waingereza walianza kulijaribu jambo hili mwaka 1761 kwa meli iitwayo HMS Alarm, wakaona wadudu wanaotoboa mbao hawaingii na majani ya bahari hayashiki. Lakini waliona pia kwamba pale shaba ilipogusana na misumari ya chuma, chuma kimeliwa, kwa sababu madini mawili ndani ya maji ya chumvi hayakai pamoja kwa amani. Mwaka 1824 mwanakemia wao Humphry Davy akawaonesha kuwa ukifunga vipande vya zinki au chuma kwenye shaba, vinaliwa vyenyewe na shaba inasalimika. Wakafanya hivyo. Shaba ikasalimika kweli, na majani na makome yakajaa chini ya meli! Ndipo ilipofahamika kuwa kilichokuwa kikiwafukuza viumbe ni ile shaba inayoyeyuka. Isiyoyeyuka haina kazi. Wazee wetu majahazi yao waliyapaka deheni, chokaa na mafuta ya wanyama, kisha wakayapandisha pwani tena na tena kuyapaka upya. Nimewahi kuwapeleka wajukuu kuiangalia Victory mara tatu, nikiwaeleza habari hizi zote kwa fahari, na nyumbani nimetia shaba ndani ya tangi.

Na ajabu ni hii: damu ya kamba na kaa inachukua hewa kwa shaba, kama yetu inavyochukua kwa chuma, ndiyo maana ina rangi ya samawati kidogo. Wanaihitaji shaba, lakini chembe tu, na mwili wao ndio unaoipima. Ikija na maji kwa wingi hawana njia ya kuizuia.

Kwa hiyo, mpwa wangu na wengine wote, swali la kuuliza juu ya kila kitu kabla hakijaingia majini si kama ni kisafi. Msumari wangu ulikuwa safi kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Ulizeni kitu hiki kikikaa katika chumvi mwaka mzima kitatoa nini.

Kioo hakitoi kitu. Akriliki pia. Shaka iko kwenye gundi inayovishikanisha vioo. Matangi ya zamani yalikuwa na fremu za chuma na lakiri. Ya leo yameungwa kwa silikoni, na silikoni ikishakauka ni salama kabisa. Lakini ile inayouzwa kwa ajili ya vyoo na bafu aghlabu hutiwa dawa ya kuua kuvu, na dawa hiyo haibagui. Nunueni iliyoandikwa kuwa ni ya matangi ya samaki. Ikipakwa inanuka siki. Msitie maji mpaka harufu iondoke yote, na mie huacha wiki nzima hata kama chupa inasema siku mbili.

Mabomba magumu ya PVC yanafaa, na ndoo za plastiki za kuwekea chakula zinafaa, zile zenye namba 2 au 5 ndani ya pembetatu chini yake. Ndoo ya tangi iwe ya tangi tu. Bibi yangu ameiandikia ya kwetu kwa rangi nyekundu baada ya kunikuta siku moja nimechukua ya kufulia. Mpira wa kumwagilia bustani msiutumie, ule haukutengenezwa kwa maji ya kunywa wala ya kuishi.

Maji yenyewe msiyasahau. Nyumba nyingi za Uingereza zina mabomba ya shaba ukutani, na zilizojengwa kabla ya 1970 huenda bado zina mabomba ya risasi. Sisi tunakunywa na hatudhuriki na ile shaba kidogo, lakini tangi halifanani na sisi. Maji yake hukauka kila siku, na kinachokwenda hewani ni maji matupu. Chumvi na madini hubaki. Ukijazia kila siku kwa maji ya bombani unaongeza shaba chembe kwa chembe, na hakuna siku inayotoka. Ndiyo sababu nimefunga chujio la osmosisi chini ya sinki, na hapo napo mwangalie: viungo vya shaba viwe upande wa maji yanayoingia tu, visiwe upande wa maji yaliyokwisha kuchujwa.

Chuma kinachoitwa kisichoshika kutu, katika maji ya chumvi mara nyingi kinashika. Duka moja liliniuzia vibano vya mpira kwa uhakika mkubwa, nikavikuta vyekundu baada ya miezi mitatu. Sasa natumia vifungo vya nailoni. Titaniamu haina neno, ila bei yake inauma. Mabati na waya uliopakwa zinki visikaribie kabisa. Sumaku za kusafishia vioo zina chuma ndani, na ganda likipasuka zitupeni siku hiyohiyo. Na tazameni juu: skrubu za taa na vishikio vinavyoning'inia juu ya tangi hupigwa na mvuke wa chumvi, hushika kutu, na kutu hudondoka majini bila ya mtu kujua.

Watoto nao hutupa sarafu majini wakaomba dua zao. Peni moja na peni mbili za Uingereza zilikuwa za shaba mpaka 1992, na zilizotengenezwa baada ya hapo ni chuma kilichopakwa shaba. Kwetu pana kifuniko.

Katika mawe, ya chokaa ndiyo bora, kwani bahari yenyewe ina ukali wa namna hiyo. Yenye mistari inayong'ara kama madini yaacheni. Saruji inafaa lakini si mbichi. Ilowekwe na kubadilishiwa maji kwa wiki nyingi. Na ndugu wanaokwenda nyumbani, tafadhalini msituletee matumbawe ndani ya mabegi. Matumbawe ya mawe yamo katika mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila ya kibali, na kunyang'anywa uwanja wa ndege ni fedheha isiyo na haja.

Nirudi kwa mjukuu wangu. Jioni ya kipimo kile nilikwenda kwao. Nilimkuta mezani, nikaweka mbele yake msumari na kile kichupa chenye maji yaliyogeuka rangi, nikamweleza yote, pamoja na kwamba nilikuwa nimesoma na nikasahau. Nikamwambia, "Aliyemuua kamba ni mie. Nilikusingizia, tena mbele za watu, nisamehe." Baba yake, ambaye ni mwanangu, alitoka nje; nafikiri hakupenda kuona. Mtoto aliushika msumari akaugeuza, akaniuliza kama ulikuwa wa mama yangu kweli. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Sasa wewe umeudhika na msumari?" Sikuwa na jawabu lililo tayari.

Mawe na mchanga wa chokaa hunywa shaba na kuirudisha majini baadaye, hata miezi mingi. Baadhi ya watu hujaribu kuyaokoa kwa makaa ya kuchujia na pedi ambazo hugeuka rangi zikinasa shaba. Mie nilijaribu mwezi mmoja, kisha nikayatoa yote. Samaki nilimpa rafiki yangu. Tukaosha vioo, tukatia mchanga mpya na mawe mapya, tukasubiri upya. Yeye ndiye aliyekuwa akipima, na akiandika katika daftari. Kamba wa pili aliingia Januari 2020, baada ya vipimo vitatu vya shaba visivyoonesha kitu. Yeye alitaka vitatu, mie ningeridhika na kimoja. Miezi miwili baadaye tukafungiwa majumbani kwa sababu ya korona, ikawa namwonesha kamba wake kwa simu.

Mpwa wangu, mdila wa bibi yako usugue kwa ndimu na majivu, upikie kahawa au uweke mahali pa wageni kuuona. Ukitaka kitu cha kale ndani ya maji, tafuta mtungi mdogo wa udongo uliochomwa vyema, usiopakwa rangi wala kung'arishwa, uloweke kwanza.

Ama msumari, nilitaka kuutundika ukutani, juu ya tangi, ili uwe karibu na bahari hata kama haumo ndani. Nilikuwa nimeshashika nyundo. Mjukuu wangu akaniambia, "Babu, si juu ya tangi. Ukianguka je?" Sasa uko upande wa pili wa ukumbi, karibu na mlango.